Umetoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho: nini kinafuata kuanzia siku ya kwanza mpaka miwani

Operesheni yenyewe ya mtoto wa jicho ni fupi, mara nyingi dakika 15 mpaka 30 hivi, na mgonjwa anatoka anatembea kwa miguu yake, sasa hapo ndo watu wanajidanganya maana wanaona kazi imeisha. Haijaisha. Dokta ametoa lenzi iliyochafuka akaweka ya bandia, ila kidonda kinaponea nyumbani, kwa matone ya dawa ya mwezi hivi au zaidi, na jicho lina tabia moja ya kulijua mapema: linaonekana limepona kabla halijapona. Wiki ya pili mzee anaona vizuri, haumwi, wekundu umeisha, basi anaacha dawa anarudi shambani, na matatizo mengi yanaanzia hapo.

Nimemuuguza mama yangu macho yote mawili, na tangu hapo ndugu na majirani hapa Tanga wakiwa na mgonjwa wa macho wananipigia simu, maswali ni yaleyale, kwahiyo nayaweka yote hapa kwa mpangilio wa siku. Wale wa hospitali wameliona jicho lako, mimi sijaliona, hivo wakikwambia tofauti na nilivyoandika wafuate wao.

Nazungumzia mtoto wa jicho kwa sababu ndo ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wowote duniani na ndo operesheni ambayo wazee wetu wengi wanaifanya, iwe KCMC Moshi, CCBRT Dar, Kwale au Kikuyu kwa majirani zetu Kenya, au kwenye kambi za macho zinazokuja wilayani. Kama umefanyiwa ya presha ya macho, nyama ya jicho au retina, mambo ya usafi na matone yanafanana ila masharti mengine yako tofauti, hasa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha: waliowekewa gesi ndani ya jicho wasipande ndege wala kwenda sehemu za milimani mpaka dokta aseme gesi imeisha, na wapo wanaoambiwa walale kifudifudi siku kadhaa. Hao wamsikilize dokta wao neno kwa neno.

Kabla hata hujaondoka nyumbani

Tenga nauli ya kurudi. Namaanisha usihesabu tu hela ya kwenda na kulipia operesheni, hesabu na za kurudi kliniki, maana kwa kawaida utaitwa kesho yake, halafu baada ya wiki moja hivi, halafu tena kati ya wiki ya 4 na ya 6. Wagonjwa wa mbali wengi wanaopotea wanapotea kwa sababu ya nauli, sio kwa uzembe, na jicho likiharibika wakati huo hakuna anayejua. Kama una ndugu karibu na hospitali, kaa kwake siku za mwanzo.

Chagua mtu mmoja wa kuweka dawa. Mmoja, na wa pili wa akiba. Nyumba yenye watu saba ambapo kila mtu anadhani mwenzake ameshamwekea bibi dawa, bibi hajawekewa.

Kama unatibiwa kwenye kambi, uliza kabla hawajafungasha: nikipata shida wiki ijayo niende wapi, kwa nani, namba ya simu ipi? Kambi inakaa siku chache inaondoka, lakini jicho bado linahitaji mtu wa kuliangalia, na hilo jibu omba liandikwe kwenye kadi, usilibebe kichwani.

Na dawa za sukari na presha usiziache bila kuambiwa. Sukari ikipanda kidonda kinachelewa kupona na bakteria wanapata nafasi.

Mchana na usiku wa siku ya operesheni

Watu wazima wengi hawalazwi usingizi, wanachomwa ganzi pembeni ya jicho au wanawekewa ya matone. Ile ya sindano inachukua masaa kuisha, na mpaka iishe kope inaweza kuwa imelala haifunguki, au ukifunua unaona vitu viwili viwili. Ni ganzi hiyo. Jicho litafunikwa na gauzi na plasta, na juu yake mara nyingi kifuniko kigumu cha plastiki chenye matundu. Usikifungue usiku kuchungulia kama unaona, najua hamu ilivyo, acha.

Maumivu yapo ila sio makali. Watu wengi wanasema wanahisi kama mchanga umeingia, linawasha kidogo, linatoa machozi. Panadol inatosha. Kumbuka neno hilo, inatosha, kwa sababu maumivu ambayo panadol haiyagusi ni habari nyingine na nitaifikia huko chini.

Kula kawaida, kunywa maji, lala chali au upande wa jicho lisilofanyiwa. Mtoto mdogo asilale na mgonjwa kitanda kimoja. Hili nalisema kwa msisitizo maana bibi zetu wanalala na wajukuu na mtoto akiwa usingizini anarusha mkono, na ngumi ndogo ya mtoto wa miaka mitatu kwenye jicho lenye kidonda kibichi ni balaa. Mhamishe mtoto chumba kingine wiki mbili, atalia siku mbili atazoea.

Asubuhi ya kufunguliwa

Hapa kuna matarajio makubwa sana na ndo maana nataka ujiandae. Nesi anatoa plasta taratibu, anasafisha kope kwa pamba, mgonjwa anafungua jicho, familia yote imesimama pale inasubiri bibi aseme "naona!". Wengine wanasema kweli. Wengine wanasema naona mwanga, naona ukungu, nakuona ila sura siioni, na familia inanyong'onyea.

Msinyong'onyee. Kioo cha mbele cha jicho kinavimba kidogo baada ya operesheni, hasa kama mtoto wa jicho alikuwa amekomaa sana, mgumu, wa miaka mingi, na mboni bado imepanuliwa na dawa. Uvimbe ule unachukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja mbili, na kuona kunaongezeka kidogo kidogo. Swali la kumuuliza dokta asubuhi ile ni hili: "jicho linaendeleaje, mlichotegemea ndo hiki?" Akisema ndio, tulia.

Mengine ambayo ni ya kawaida na watu wanashtuka bure: sehemu nyeupe ya jicho kuwa na doa jekundu la damu, hilo linaisha lenyewe kama wiki mbili hivi. Mwanga kuumiza, vaa miwani ya jua. Taa za usiku kuwa na duara la mwanga kuzunguka. Kivuli kidogo pembeni upande wa sikio. Na rangi! Lenzi ya zamani ilikuwa imegeuka njano au kahawia na mtu hakujua kwa sababu ilibadilika polepole kwa miaka, sasa ikitolewa bluu inarudi. Mama alikaa kitandani akashika kanga yake akaigeuza geuza, akaniambia "mwanangu, kumbe hii ni ya bluu? Miaka yote najua ni ya kijani." Akafumba lile jicho jipya akaangalia kwa la zamani, ikawa kijani tena, akafungua, bluu. Alifanya hivo siku nzima, kila kanga.

Kabla hamjatoka kliniki asubuhi hiyo hakikisha mna vitu hivi mkononi: dawa zenyewe, maelezo ya dawa yaliyoandikwa na mnayoyaelewa, tarehe ya kurudi, namba ya simu, na kadi au karatasi yenye aina na namba ya lenzi iliyowekwa. Hiyo karatasi itunzeni pamoja na vyeti vya maana.

Dawa ya matone, hapa tukae kidogo

Kwa kawaida utapewa antibayotiki ya kuzuia bakteria na steroidi ya kutuliza uvimbe, wakati mwingine ziko chupa moja, wakati mwingine mbili. Antibayotiki mara nyingi ni wiki moja au mbili. Steroidi ndo ndefu, wiki 4 na kuendelea, na inapunguzwa kwa ngazi, mfano mara nne kwa siku, halafu tatu, halafu mbili, halafu moja. Haikatwi ghafla. Ukiikata ghafla uvimbe wa ndani unarudi, jicho linakuwa jekundu tena, linauma kwenye mwanga. Na usiendelee nayo peke yako baada ya muda kuisha, kwa sababu steroidi ikitumika muda mrefu bila kuangaliwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, na mshipa huo ukifa haurudi. Kwahiyo usinunue chupa nyingine duka la dawa kwa kuwa ile ya kwanza "ilimsaidia", na usimpe jirani mwenye macho mekundu.

Sasa namna ya kuweka, ambapo ndo watu wengi wanakosea. Mkalishe mgonjwa kwenye kiti chenye mgongo au alale chali, mwanga utoke nyuma yako usimpige yeye usoni. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kausha na kitambaa safi, sio na kanga uliyojifunga. Tikisa chupa kama imeandikwa itikiswe, dawa nyingine za steroidi zinatuama chini na usipotikisa unaweka maji tu. Mwambie mgonjwa aangalie juu, kwenye dari, asikuangalie wewe wala chupa. Kidole chako kimoja kiweke kwenye mfupa wa shavu, vuta ngozi ya chini taratibu, kope ya chini itafanya kijimfuko. Usikandamize jicho lenyewe, unagusa mfupa tu. Chupa iwe juu yake kidogo, isiguse kope, isiguse nyusi, isiguse kidole, dondosha tone moja ndani ya kijimfuko. Moja linatosha, jicho halina nafasi ya zaidi, la pili lote linaishia shavuni na dawa inaisha kabla ya mwezi. Afumbe polepole, asikamue, asipepese haraka haraka, akae hivo dakika moja au mbili. Kilichomwagika futa shavuni kwa pamba au tishu mpya na uitupe.

Kama kuna dawa ya pili subiri dakika 5. Ukiweka papo hapo ya pili inaisafisha ya kwanza. Kama kuna na ya kupaka ya tyubu, hiyo iwe ya mwisho.

Mama alikuwa anakaza jicho kila akiona chupa inakuja, anakaza uso mzima, na ukimlazimisha anakaza zaidi. Tulichofanya, nilikuwa namwambia afumbe macho yote, namdondoshea kwenye kona ya ndani karibu na pua akiwa amelala chali, halafu namwambia afungue polepole, tone linaingia lenyewe. Inafanya kazi vizuri ila kona iwe safi kwanza.

Kusafisha: asubuhi kope zinakuwa na tongotongo kavu. Chemsha maji yapoe, chovya pamba safi, futa kutoka upande wa pua kwenda nje, mara moja, tupa pamba hiyo, chukua nyingine. Hakuna kurudia na pamba ileile, hakuna leso.

Ratiba iandike kubwa ukutani na uweke alama kila ukishaweka, au weka alamu kwenye simu na uiunganishe na vitu vya siku: chai, chakula cha mchana, magharibi, kulala. Mkisahau mara moja wekeni mnapokumbuka, msiongeze mara mbili. Chupa isikae juani wala dirishani, na ikishafunguliwa wiki 4 itupwe hata kama imebaki nusu.

Kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa za presha ya macho kabla ya operesheni, uliza kama aendelee nazo au asimame. Usibahatishe.

Wiki ya kwanza na ya pili, maisha ya nyumbani

Kuoga ni kuanzia shingoni kwenda chini, uso unafutwa na kitambaa safi chenye unyevu bila kugusa jicho. Maji ya bomba, ya kisima, ya mto, ya bahari, yote yasiingie jichoni wiki mbili za mwanzo, na kuogelea subiri mwezi na ruhusa ya dokta. Kuosha nywele, fanya kama saluni, kichwa kikiegemea nyuma na mtu mwingine ndo anaosha.

Jikoni ndo vita, hasa kwa akina mama. Moshi wa kuni na mkaa, mafuta yanayoruka, pilipili, vitunguu. Na kukuna nazi, umekaa kwenye mbuzi umeinama kichwa chini unasukuma kwa nguvu, huko ni kuinama na kukaza kwa wakati mmoja. Mama mwenye nyumba ambaye hajawahi kukaa bila kupika hawezi kukubali kwa kuambiwa tu, anakubali kama kuna mtu mwingine kweli ameshika kazi. Kwahiyo wanangu, shemeji, wakwe, pangeni nani anapika kabla ya siku ya operesheni.

Hakuna kubeba ndoo kichwani wala kuinua gunia, hakuna kulima, hakuna kupasua kuni. Kuinama kuokota kitu piga magoti au chuchumaa mgongo ukiwa umenyooka. Sababu ni kwamba kidonda ni kidogo na mara nyingi hakijashonwa hata uzi, kinajifunga chenyewe kwa jinsi kilivyokatwa, sasa ukikaza na kusukuma unakipa shida kabla hakijashika. Kwa sababu hiyohiyo choo kigumu ni tatizo, ale papai, mboga za majani, anywe maji na uji, na kikohozi kikali kitibiwe, asikivumilie. Tendo la ndoa wengi wanashauriwa wasubiri wiki moja mbili, muulize dokta bila aibu, ni swali la kawaida sana kwao.

Ibada. Kwa Waislamu sijda inainamisha kichwa kabisa, ndo maana mgonjwa anaambiwa aswali amekaa kwenye kiti na kuashiria kwa kichwa kidogo siku hizo za mwanzo, na ruhusa kwa mgonjwa ipo kwenye dini yenyewe. Udhu wa uso usimwagie maji jicho, muulize sheikh wako afanyeje sehemu hiyo. Kama ni Ramadhani, kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndo wengi wetu pwani tunayafuata, tone la jichoni halifunguzi, ila wapo wazee wanaoacha dawa mchana kutwa kwa hofu, kwahiyo maliza swali hilo na sheikh kabla ya operesheni ili mzee atulie moyo. Kwa Wakristo kupiga magoti hakuna shida, kusujudu mpaka paji la uso liguse sakafu ndo kusubiri.

Usiku kifuniko cha plastiki kinarudi juu ya jicho, wiki moja au kadri walivyosema, kwa sababu mtu akilala anajikuna bila kujua. Kioshe na sabuni kila siku. Mchana miwani ya jua inatosha, inazuia vumbi na inazuia vidole. Bodaboda kwenye barabara ya vumbi iache, panda bajaji au daladala na ukae mbali na dirisha.

TV anaweza kuangalia. Simu anaweza kushika. Kusoma anaweza. Jicho haliharibiki kwa kutumiwa, likichoka apumzike.

Angalieni sana kuanguka. Mtu mwenye jicho moja jipya na moja la zamani anakosea kupima umbali, ngazi inaonekana iko karibu kumbe mbali, anamimina chai nje ya kikombe. Taa ya chooni iwashwe usiku, mikeka inayoteleza iondolewe.

Vitu ambavyo haviingii jichoni hata kwa dawa

Maziwa ya mama. Mkojo. Asali. Maji ya majani yaliyokamuliwa. Maji ya chumvi ya nyumbani. Maji ya zamzam pia, na mafuta yaliyoombewa, kunywa au kujipaka sehemu nyingine hakuna anayekukataza, ila jichoni hapana. Wanja usubiri mwezi. Najua vinaletwa kwa upendo, shangazi amesafiri kutoka kijijini na kichupa chake, na kumkatalia mtu mzima ni kazi, ila kitu chochote ambacho hakijatengenezwa bila vijidudu kinapeleka bakteria moja kwa moja kwenye mlango uliokuwa wazi juzi. Mpokeeni shangazi vizuri, pokeeni kichupa, kiwekeni kabatini, mwambieni dokta amekataza kitu chochote mpaka mwezi uishe. Lawama mpeni dokta, amezoea.

Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo

Sio kesho, sio Jumatatu, na sio duka la dawa. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au ambayo panadol haiyagusi. Kuona kulikuwa kumeshafunguka halafu kunapungua. Wekundu unaozidi, kope kuvimba, usaha. Hizo zikija pamoja, hasa ndani ya wiki mbili za mwanzo, inaweza kuwa bakteria wameingia ndani ya jicho, ni nadra lakini ikitokea masaa yana maana, dawa inachomwa ndani ya jicho lenyewe na akichelewa siku mbili tatu anaweza kulipoteza.

Maumivu makali ya jicho na kichwa upande huo pamoja na kichefuchefu au kutapika, watu wanadhani ni malaria au chakula, inaweza kuwa presha ya jicho imepanda. Nendeni.

Vimulimuli vya mwanga, vidoti vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, au pazia jeusi linalofunika upande mmoja, hiyo ni dalili ya retina kubanduka, na inaweza kuja hata miezi baadae. Na kama amegongwa jicho au ameanguka, nendeni hata kama anasema haumwi, maana wazee wanaficha.

Ukifika mapokezi usikae kimya kwenye foleni. Sema "amefanyiwa operesheni ya jicho tarehe fulani na sasa maumivu yanaongezeka", onyesha kadi.

Kuanzia wiki ya pili mpaka ya sita

Hapa ndo nilipoanza napo: jicho linapendeza, mtu anaacha dawa. Endeleeni na ngazi za steroidi mpaka ya mwisho. Kazi nyepesi zinarudi pole pole, kazi za ofisini wengi wanarudi ndani ya wiki moja au mbili, kulima na mizigo ni mpaka dokta aruhusu kwenye chekapu ya mwezi. Kuendesha gari au pikipiki ni baada ya kupimwa na kuambiwa kuona kwako kunatosha, sio kwa kujisikia.

Jicho kuwa kavu, kuwasha, kutoa machozi upepo ukipiga, ni kawaida wiki hizi. Asilisugue.

Na kama kuona hakujaongezeka kabisa mpaka wiki ya 4? Wakati mwingine ni miwani tu inahitajika. Wakati mwingine nyuma ya mtoto wa jicho kulikuwa na ugonjwa mwingine, presha ya macho iliyoshaharibu mshipa au sukari iliyoshambulia retina, na kabla ya operesheni dokta alikuwa haoni ndani vizuri kwa sababu lenzi ilikuwa imeziba. Operesheni inafungua dirisha, haiwezi kurudisha mshipa uliokufa. Hili ni gumu kumwambia mzazi, lakini mwambieni kweli, na mwulizeni dokta wazi tatizo liko wapi, maana retina ya sukari inaweza kutibiwa isiendelee na presha inaweza kudhibitiwa kwa kile kilichobaki.

Miwani, na yanayokuja baadae

Miwani ya zamani haitafaa jicho jipya. Usinunue mipya wiki ya kwanza, namba bado inabadilika, subiri wiki ya 4 mpaka ya 6 jicho litulie ndo mpimwe. Lenzi inayowekwa kwa wengi wetu inalenga mbali, kwahiyo kuona mtu barabarani atamuona vizuri lakini kusoma Msahafu au Biblia, kuchambua mchele, kutunga uzi kwenye sindano, atahitaji miwani ya kusomea. Operesheni haijafeli, ndo lenzi ilivyo, kwa sababu haijikunji na kujivuta kama ile ya kuzaliwa nayo.

Wazee wengine bado wanaogopa operesheni kwa sababu wanakumbuka watu wa zamani waliotoka nayo na miwani minene mizito ya kutisha. Zamani walikuwa wanatoa lenzi bila kuweka nyingine, miwani ndo ilikuwa lenzi. Daktari Harold Ridley wa London ndo aliweka lenzi ya bandia ya kwanza ndani ya jicho mwaka 1949, baada ya kuona marubani wa vita wenye vipande vya plastiki ya vioo vya ndege ndani ya macho na macho yao yakavivumilia. Mwelezeni mzee hivo, lenzi iko ndani, haivuliwi, haichakai, haibadilishwi kila mwaka.

Ila miezi au miaka baadae ukungu unaweza kurudi na watu wanasema mtoto wa jicho ameota tena. Mtoto wa jicho haoti mara mbili. Kuna ngozi nyembamba nyuma ya lenzi ambayo dokta aliibakiza makusudi ili iishike, hiyo kwa baadhi ya watu inafanya utando. Inafunguliwa kwa mwanga wa leza, umekaa kwenye mashine, dakika chache, hakuna kisu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nenda hospitali yenye mashine ya leza na ile karatasi yako ya lenzi.

Na jicho la pili: hospitali nyingi zinasubiri la kwanza litulie kwanza, wiki kadhaa au zaidi, halafu ndo wanapanga la pili. Tarehe iombeni siku ileile ya kupimwa miwani, kabla hamjatoka pale kliniki, na nauli yake muanze kuitenga mwezi huo.